Kibao Namba Thelathini na Saba

Walikuwa wamekwisha kuvuka barabara kuu, fundi seremala na binti yake, fundi alipokumbuka kwamba ameacha kopo la gundi wazi.

"Itakauka, baba," binti alisema.

"Ikauke. Leo haturudi nyuma."

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Maswali, na aliyekaa naye dakika tano hakuuliza kwa nini. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi: Ijumaa saa sita mchana orodha ya watahiniwa inafungwa, na asiye na cheti cha kuzaliwa hafanyi mtihani mwaka huu. Darasa zima lilikuwa limekwisha kupeleka vyeti. Alibaki yeye. Na hii ilikuwa safari yao ya tano kwenye ofisi ya usajili.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi mlinzi aligawa vibao arobaini vya plastiki vyenye namba, kisha saa mbili unusu akafunga mlango kwa kufuli. Ukitoka, hata kunywa maji, nafasi yako imekwenda. Madirisha yalikuwa na nondo, mabenchi yamepigiliwa sakafuni, na feni ilizunguka polepole kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Ukiitwa dirishani ulieleza shida yako, ukajibiwa, ukatumbukiza kibao chako ndani ya sanduku la bati, ndipo mlinzi akakufungulia. Saa tisa, ofisi ilipofungwa, vibao vilihesabiwa. Ukutani palibandikwa tangazo kubwa: TUNAHUDUMIA WATU AROBAINI KILA SIKU. Chini yake, juu ya kabati, kombe la ofisi bora liling'aa.

Maswali alipata namba thelathini na saba. Bibi aliyekaa kando yake alikuwa na thelathini na nane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mara ya ngapi hii?"

"Ya tano."

"Ah, wewe bado mgeni. Mimi ya tisa. Benchi hili linaujua mgongo wangu kuliko godoro langu."

Saa zilikwenda. Jasho lilimtiririka Maswali ndani ya sare ya shule. Hakuwa na pa kwenda wala la kufanya, basi akawa anatazama dirishani. Karani alikuwa mwanamume mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Karibu kila mtu alimwambia maneno yale yale: "Daftari lako liko stoo. Njoo kesho." Kisha, ta! Kibao sandukuni.

"Baba," Maswali alinong'ona, "mtu akiambiwa njoo kesho, anahesabiwa kwamba amehudumiwa?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Basi mimi nimekwisha kuhudumiwa mara nne."

Baba alimtazama karani dirishani. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alisema. "Cheti bado anacho yeye."

Saa tisa kasorobo waliitwa.

"Daftari la mwaka wako liko stoo," karani alisema bila kuinua macho. "Njooni kesho. Weka kibao."

Maswali alikitazama kibao mkononi. "Sijahudumiwa, mjomba."

"Wewe!" baba alishtuka.

"Weka, binti, nikufungulie utoke," mlinzi alisema. "Kikipungua kimoja hatufungi hesabu ya leo, na hesabu isipofungwa hatoki mtu."

Karani aliinama hadi pua yake ikagusa nondo. "Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Weka kibao, ukae kimya. Nitaingia stoo nikutolee cheti chako sasa hivi. Chako tu."

Maswali alilitazama sanduku la bati. Karatasi ile ndiyo aliyoifuata mara tano. Baba alimgusa bega. "Weka, mwanangu. Weka tuondoke."

Aligeuka. "Na bibi je?"

"Bibi hana mtihani," karani alijibu.

"Miguu ndiyo imezeeka, karani, masikio bado," bibi alisema kutoka kwenye benchi. "Wajukuu wangu wawili hawajaandikishwa shule kwa sababu ya stoo yako."

Maswali akarudi kwenye benchi, akakaa. Bibi akakifunga kibao chake kwenye pindo la nguo. Kijana dereva, namba thelathini na tisa, akacheka, akakikalia chake. Mama mwenye mtoto mchanga, namba arobaini, akampa mwanawe kibao achezee.

Saa tisa ikafika. Sandukuni mlikuwa na vibao thelathini na sita.

"Mnanifungia humu!" karani alilalamika, akifuta miwani kwa shati.

"Karibu," bibi alisema. "Sisi tumo tangu asubuhi."

Mkuu wa ofisi, mwanamke mrefu, akashuka ngazi kuuliza kulikoni. Maswali akasimama.

"Shikamoo, mama. Vibao thelathini na sita vimo sandukuni. Lakini nimehesabu waliotoka na cheti. Ni watatu."

Mkuu akamgeukia karani. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mkuu. Kutafuta daftari moja ni nusu saa, na niko peke yangu. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa naingia stoo. Nilihudumia watu wanane kwa siku, wakatoka na vyeti. Ukaniandikia barua ya onyo kwamba vibao ni vichache."

Mkuu alichota vibao sandukuni, akavitazama kiganjani.

"Niliomba vibao," alisema, "nikaletewa vibao."

Alivua koti, akaingia stoo na karani. Daftari la mwaka wa Maswali walilikuta chini ya kabati bovu, limewekwa liwe mguu wake. Saa kumi na moja wote wanne walikuwa na vyeti vyao, na mkuu alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kosa si la karani peke yake," aliwaambia mlangoni. "Nilihesabu watu walioondoka, sikuuliza wameondoka na nini. Kazi ya umma haipimwi kwa msongamano mlangoni. Inapimwa kwa alichofika nacho huyu bibi nyumbani kwake. Na wewe, binti, shika hili: mtu akikupa haki yako kwa siri ili unyamazie haki ya mwenzako, hajakusaidia. Amekununua."

Maswali alipeleka cheti shuleni Ijumaa saa nne. Alifanya mtihani, akafaulu, akawa wa kumi na moja. Wajukuu wa bibi waliandikishwa shule, na bibi hakurudi tena kwenye benchi lile. Karani alihamishiwa stoo pamoja na wasaidizi wawili. Anakohoa kwa vumbi, lakini madaftari yamepangwa kwa miaka. Siku hizi ofisi inahesabu vyeti ambavyo wenyewe wamesaini kuvipokea. Hesabu ilishuka kutoka arobaini hadi kumi na mbili kwa siku, mkuu akaitwa makao makuu kujieleza, akajieleza. Mwaka huo kombe lilikwenda ofisi nyingine. Mlango haufungwi tena, na mlinzi anaweka mwavuli wake ndani ya sanduku la bati.

Gundi ya fundi seremala ilikauka. Alinunua nyingine.