Kufupisha Amri

Tanuri la Mzee Mhina lilisimama nyuma ya mlango wa sebule, refu kama kabati la vyombo. Lilivuta pumzi ndefu, na hewa nzito ya Tanga ikaingia ndani yake ikiwa imelowa, ikatoka kavu. Mle ndani mlikuwa na sinia kumi na mbili za chumvi-nywaji, chumvi iliyotengenezwa ili inywe maji ya hewani. Zikishiba, moto ulizioka hadi maji yote yakatoka, mvuke ukapanda bombani na kutokea juu ya paa. Asubuhi, mapaa yote ya mtaa yakifuka, mgeni angedhani mji mzima unapika.

Watu wa zamani wangecheka kusikia nyumba ya pwani ina tanuri. Lakini miaka hiyo hewa ilikuwa imejaa maji hata jasho halikukauka mwilini. Lilitoka, likakaa, na joto la mtu likakosa njia. Kijana aliweza kuvumilia nusu siku. Mzee mwenye moyo dhaifu alikuwa na saa mbili, pengine tatu.

Kwa hiyo tanuri lilipoanza kukatika ovyo, Hadiya alimwita Fundi Ngoda siku ileile.

Fundi alivua viatu mlangoni, akafungua mlango wa tanuri, akachota chumvi kidogo na kuisugua kati ya vidole. Ilikuwa ya kijivu, imegandamana.

"Hii imechoka," alisema. "Hainywi tena. Moto unaioka muda mrefu kupita kiasi, chuma kinapata joto, tanuri linajikata lisije likaungua."

"Sasa tufanyeje?"

"Njia mbili, dada. Ukinunua jipya, ni mshahara wako wa mwaka, nisikudanganye. Ukibadilisha chumvi na feni, mshahara wa miezi miwili. Lakini bati lake limekula miaka tisa ya unyevu huu. Siwezi kukuapia."

Hadiya alikuwa mwendeshaji wa pampu katika kituo cha maji ya mafuriko. Mshahara wa mwaka hakuwa nao. Alichagua chumvi na feni.

Baba yake, aliyekuwa kitini akiwatazama, alicheka. Mzee Mhina alikuwa amesokota kamba za katani maisha yake yote, na kelele za mitambo zilikuwa zimemla masikio. Simu ya nyumbani ilipazwa hadi majirani wakasikia.

"Fundi, ukimaliza, likate na ulimi. Linataka kila siku niliite jina. Tanuri, washa. Tanuri, zima. Mimi niongee na bati kama mke wangu?"

"Mzee, ndivyo linavyojua kwamba unalisemesha lenyewe."

"Pumzi zenyewe ziko wapi? Nikimaliza kuliita, nimeshasahau nilitaka nini."

Hadiya alimtazama fundi. "Haiwezekani kulifupishia? Anachoka kweli."

"Inawezekana. Linatii sauti yake peke yake, ya mwenye nyumba. Nitaondoa jina, libaki neno moja."

Alibonyeza vitufe kwenye sikio la tanuri, kidude chenye matundu madogo kama kichujio cha chai, akamwambia mzee ajaribu. Mzee akasema, "Zima." Tanuri likanyamaza. "Washa." Likavuta pumzi. Mzee akapiga goti lake kwa furaha.

"Hiyo unanidai nini?" Hadiya aliuliza.

"Hiyo ya mzee." Akaandika kwenye karatasi ya malipo, chini ya chumvi, feni na ufundi: *Kufupisha amri — bure.*

Wiki haikuisha, tanuri likaanza tena. Hadiya alirudi kutoka kazini saa kumi alasiri na kulikuta kimya, baba yake amelala kitini, shati limeshikana na mgongo. Akawasha kwa kitufe. Kesho yake vilevile. Fundi Ngoda akarudi.

"Shikamoo, mzee. U mzima?"

"Marahaba. Mzima, mwanangu, namshukuru Mungu."

Tanuri likakatika palepale.

"Umeona?" Hadiya alisema. "Halina haya hata mbele ya fundi."

Ngoda alipima nyaya, akapima feni, akatia taa ndani na kutazama muda mrefu. Hakuona kitu. Mwishoni alisema labda ni moyo wa moto, kile chungu cha chuma ambamo moto unakaa. Huenda ulikuwa na ufa usioonekana. Kuubadilisha ni mishahara minane.

"Ungekuwa wa baba yako ungefanyaje?"

Fundi alikunja vitambaa vyake polepole. "Ningebadilisha. Lakini mimi nanunua kwa bei ya fundi."

Zamu ya Hadiya ya kupokea fedha katika chama cha upatu ilikuwa mwisho wa mwezi, siku kumi na tisa mbele. Walikubaliana asubiri. Fundi alimwachia onyo moja: mzee asikae peke yake mchana mrefu. Hadiya alijibu kwamba anampigia simu kila siku saa saba, wakati wa chakula, na saa kumi yuko nyumbani.

Na kweli alimpigia kila siku. Maneno yalikuwa yaleyale, kama watu wanaopita njia ileile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mzima?"

"Mzima. Umekula?"

"Nakula sasa hivi."

"Haya. Usikimbie njiani."

Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kituo kilikuwa na pampu sita. Mbili zilikwama kwa takataka, na barabara ya kurudi mjini ikawa mto. Saa saba Hadiya alipiga simu. Mzima, baba yake alisema. Saa kumi alipiga tena kumwambia hatawahi kutoka.

"U mzima lakini, baba?"

"Mzima." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Nina usingizi tu."

Hadiya alirudi kwenye pampu akiwa ametulia. Alikuwa ameuliza, na alikuwa amejibiwa.

Alifika nyumbani magharibi, maji yakiwa magotini. Sebule ilikuwa na mvuke kama bafu. Baba yake alikuwa kitini, simu mapajani.

Watu waliokuja kuzika walimpa pole, na baadhi, kwa kumhurumia, walililaani tanuri. Hadiya hakulilaani. Alijilaani yeye, kwa mishahara minane.

Baada ya arobaini alimwita Fundi Ngoda. Tanuri tangu msiba lilikuwa likiwashwa kwa kitufe, na jambo la ajabu, halikuwa limekatika hata mara moja. Fundi alisema kabla ya kugusa moyo wa moto, aandikishe sauti ya Hadiya, kwa kuwa sasa mwenye nyumba ni yeye. Hadiya akasema maneno aliyoambiwa aseme. Taa ndogo ikawaka kijani.

"Pole tena, dada," fundi alisema akipanga vifaa. "Shangazi yako yule wa Muheza aliyekuja msibani, na watoto wake, hawajambo?"

"Wazima," Hadiya alijibu.

Tanuri likanyamaza.

Fundi alikuwa ameinama na bisibisi mkononi, akabaki hivyohivyo. Kisha alifungua kumbukumbu ya tanuri, mahali ambapo hakuwahi kutazama, kwa sababu hapo huandikwa amri, wala si hitilafu. Kioo kidogo kikaonyesha mistari. *Saa saba na dakika tano: zima. Saa saba na dakika nne: zima. Saa saba na dakika sita: zima.* Siku baada ya siku. Siku ya mvua ilikuwa na mistari miwili, na wa pili ulikuwa wa saa kumi, tanuri likiwa tayari limezimwa.

Kengele ya hatari, ile inayolia tanuri likiharibika, haikulia kwa sababu tanuri halikuwa limeharibika. Lilikuwa limetii.

"Mimi ndiye niliyempigia," Hadiya alisema.

"Mimi ndiye niliyelifupisha."

"Kwa sababu nilikuomba."

Fundi aliligeukia sikio la tanuri na kurudisha amri ya zamani, yenye jina. Alipomaliza, Hadiya aliuliza, kama anavyoulizwa fundi yeyote, anadaiwa kiasi gani. Ngoda alitikisa kichwa tu. Neno lenyewe, bure, hakuweza kulitamka.

Alipoondoka, simu ya nyumbani iliita, kubwa vilevile kama baba yake alivyoiacha. Alikuwa shangazi yake wa Muheza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Mzima?"

Hadiya alilitazama tanuri. Lilikuwa likivuta pumzi zake ndefu, na alijua kwamba sasa neno hilo peke yake haliwezi kulizima.

"Mama? U mzima?"

"Nipo, shangazi," alisema. "Nipo."