Mpini wa Shoto

Siku ya kuuziana vitu vilivyotumika, ukumbi wa kulenga shabaha pale Wattaya, Maskati, hujaa watu kama harusini. Muhsina aliingia na abaya yake ya kijivu, harufu ya udi ikimtangulia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya bastola za hewa. Akanyoosha mkono kuchukua moja. Mkono wa mwanamme mwenye kofia ya kijani ukawa umeshafika.

"Tafadhali, bibie, wewe kwanza."

"Mie naangalia tu," Muhsina akajibu.

Uongo mtupu! Mchujo wa timu ya wanawake ulibakisha wiki tano, na sharti lilikuwa kila mtu aje na bastola yake. Miaka mitatu alikuwa akiiota siku hiyo.

"Hii ya gesi ya mtungi ni nyepesi," alisema yule mwanamme, jina lake Yaqdhan, fundi wa viyoyozi kutoka Khuwair. "Lakini joto la Maskati litakuchezea. Ukiisahau garini, gesi inavimba, risasi zinapanda juu. Hii ya pili ni ya hewa ya kushindiliwa, haina wasiwasi. Ila tazama tarehe ya mtungi: umeshapita miaka kumi. Siku ya mchujo utarudishwa mlangoni."

"Na hii ya tatu?"

"Ya Bi Masouda, yule bibi anayeuza pale. Hewa, mtungi mpya, kifyatulio laini. Wallahi hiyo ndiyo."

Muhsina akaishika, uso ukamshuka. Mpini wake wa mti wa jozi ulichongwa kwa mkono wa kulia. "Mie shoto," akasema kwa haya. Tangu utotoni alikemewa: usimpe mtu kitu kwa shoto, usile kwa shoto.

Yaqdhan hakucheka. Alitoa karatasi. "Mpini hubadilishwa. Weka mkono wako hapa."

Akauchora kwa penseli, taratibu, kidole baada ya kidole, bila ya kuugusa. Kelele za ukumbi zikasogea mbali. Muhsina alitamani awe na vidole kumi mkono ule.

Tangu hapo, kila baada ya magharibi simu ililia, wakilinganisha bastola zote za Maskati.

"Jana umeota nini, habibti?" Yaqdhan akauliza.

"Nimeota mtungi wa gesi."

"Mie simo?"

"Umo. Unasoma tarehe yake."

Wakicheka, Muhsina alikuwa akitembea chumbani peku, mwepesi, hajui anakokwenda. Alikuwa ameshapenda.

"Basi nnunue ile ya Bi Masouda?"

"Ngoja kidogo. Tulinganishe bado."

Kilipobaki kiasi cha siku kumi, Muhsina alichoka kungoja, akampigia Bi Masouda mwenyewe.

"Mwanangu, mbona nshamuuzia Yaqdhan? Wiki mbili sasa."

Kumbe alimwambia angoje ili aichukue yeye! Yaqdhan alipopiga, hakumsalimia. "Umeichukua wewe?"

"Nimeichukua, lakini ngoja—"

Akakata, na hakupokea tena. Neno moja tu lingetosha kumaliza ugomvi, lakini Yaqdhan alikuwa na ugonjwa wa mafundi: kazi haijesha, haionyeshwi.

Siku ya mchujo Muhsina alikwenda kufuta jina lake. Mlangoni alimkuta Yaqdhan, kanzu imejaa unga wa mbao, vidole viwili vimefungwa plasta, mkononi sanduku.

"Fungua, kisha unitukane."

Ilikuwa bastola ya Bi Masouda, na mpini mpya. Pembeni palikuwa na ile karatasi, imechakaa kwa kukunjwa. Muhsina akautia mkono wake wa shoto, kila kidole kikaona mahala pake. Machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukunambia?"

"Mpini wa kwanza nliuharibu, na wa pili. Nikaona haya. Nimekosa, Muhsina, nisamehe."

"Umeniliza siku tisa!"

"Najua. Mama yangu anataka kuja kwenu Alkhamisi. Aje, asije?"

Jina la Muhsina likaitwa. Aliingia bila ya kumjibu, akasimama kwenye mstari, akanyoosha mkono. Hakusikia kitu ila pumzi zake. Risasi ya kwanza ikaingia katikati.

Alipotoka, nafasi katika timu ilikuwa yake. Akapiga simu nyumbani, Yaqdhan amesimama mbele yake, anasubiri.

"Mama, Alkhamisi tuna wageni. Tafuta halua nzuri."

"Wageni gani tena?"

"Wa kuniposa."

Mama akauliza kwa wasiwasi: "Na huyo mwanamme anajua kama wewe shoto?"

Muhsina alivitazama vile vidole vyenye plasta. "Anajua, mama," akasema. "Anaujua mkono wangu kuliko sisi sote."