Mbegu za Maji ya Vuguvugu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Dorothée aliteka maji ziwani, akafagia uwanja na kumenya mihogo ya kuloweka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kijijini Lweba msichana wa umri huo hakuambiwa kazi mara mbili. Kazi zote alizijua. Tatizo lake ni kwamba alipenda kuzimaliza upesi, hata kama hazijaisha.

Huo ulikuwa mwaka wa 1954. Serikali ya Wabelgiji, ambayo watu waliiita Bula Matari, ilimlazimisha kila mwanamume alime shamba la pamba. Jina lililoandikwa lilikuwa la mume, lakini waliopalilia walikuwa wake. Mwaka uliotangulia mihogo ilimezwa na magugu kwa sababu ya pamba, na watoto walilala na njaa. Pamba hailiwi.

Basi mbegu za pamba zilipoletwa tena, wanawake wanane wenye mashamba yaliyopakana walikubaliana jambo wakati wanaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni. Kila mmoja angetokosa mbegu zake kabla ya kuzipanda. Mbegu iliyotokoswa haioti. Kapita, msimamizi wa pamba wa serikali, angekuja kukagua, angeona watu wamelima na wamepanda, nao udongo umekataa. Labda wangeachiwa wapande mihogo.

"Lakini tufanye bote," alisema Mama Bahati, jirani wa kina Dorothée. "Shamba moja likiota, ni kama limeyachongea yale mengine."

"Bote," alijibu Émilienne, mama yake Dorothée.

Siku ya kutokosa, Émilienne alikwenda kulima mihogo mlimani. Alimwachia binti yake kikapu cha mbegu na chungu kikubwa.

"Tokosa mpaka ukiuma mbegu, moyo wake uwe laini," alimwambia. "Kuni zikiisha, enda utafute zingine. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kuni ziliisha mapema. Maji yalikuwa yameanza tu kupata joto. Papo hapo Bahati, rafiki yake, akapita mbio na bakuli kichwani.

"We Dorothée! Mitumbwi imerudi, ndagala zinamwagika! Iko unachunga chungu, kitakimbia?"

Dorothée alitazama njia ndefu ya kuni, kisha akatazama ziwa. Alikoroga mbegu mara chache, akazimwaga kwenye kikapu na kuondoka. Hakuuma hata moja.

Maji ya vuguvugu hayaui mbegu. Huiamsha.

Mvua ilinyesha, na shamba la Émilienne likawa la kwanza kuota, mistari ya kijani imenyooka kama imepimwa kwa kamba. Mashamba ya majirani yalibaki udongo mtupu. Émilienne alirudi kutoka huko akihema, akamshika binti yake mabega.

"Ulitokosa zile mbegu?"

"Ndiyo, mama."

"Nisikilize. Kama zilitoka mbichi, niambie sasa. Mi na baba yako tutang'oa yote leo, na hakuna muntu atajua. Sitakupiga."

Dorothée aliona aibu. Alifikiri pia kwamba mama husema hivyo kisha hupiga.

"Zilitokota sana, mama."

Émilienne akamwamini. Alisema kama mbegu zao zimetokota na bado zinaota, basi na za wenzao zitaota. Akaamua kungoja.

Kesho yake kapita Nicolas alikuja pamoja na agronomu, bwana shamba mzungu, na askari. Agronomu alisimama kwenye mpaka wa mashamba, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Aliuliza mvua ni ile ile au siyo, na udongo ni ule ule au siyo. Askari walifukua mbegu katika mashamba yasiyoota. Zilipondeka vidoleni kama uji.

Wanaume saba walifungwa kamba na kupelekwa gerezani Fizi, kupasua mawe ya barabara. Norbert, baba yake Bahati, alikuwa wa kwanza kwenye kamba. Albert, baba yake Dorothée, hakuguswa. Agronomu alimpiga bega mbele ya watu na kumwita mtu mwema. Hilo ndilo lililowafanya majirani waamini kwamba nyumba yake imewauza.

Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyompa Émilienne kaa la moto. Akifika ufukweni, wenzake waliinua vikapu vyao wakasogea. Wengine walisema mumewe alilipwa chumvi na kapita ili awauze. Walimpa na jina.

"Madamu Pamba amekuja! Mupishe, asikanyagwe!"

"Mi sikubauza," Émilienne alisema. "Mutoto wangu alitokosa mbegu. Mutoto wangu hasemi uongo."

"Basi Bula Matari alizifufua!" mmoja alijibu, na wote wakacheka kicheko kibaya.

Dorothée alikuwa nyuma ya mama yake, na maneno hayo aliyasikia. Hakusema kitu. Bahati naye hakumsemesha tena shuleni. Alihamisha kibao chake akaketi kwingine.

Wafungwa walirudi wakati wa kupalilia pamba mpya, waliyopandishwa wake zao huku askari wakisimamia. Norbert alirudi amebebwa. Mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kiboko, na alikohoa mpaka akashindwa kuketi.

Émilienne alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na samaki, akaifunika, akaenda kwa Mama Bahati. Dorothée alimfuata. Wanawake wawili watatu walikuwa uwanjani kumpa pole mwenye nyumba.

"Mama Bahati, nimeletea mugonjwa chakula."

Mama Bahati alipokea chungu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Kisha akakiinamisha na kumwaga yote mavumbini.

"Hatukule chakula cha musaliti."

Émilienne alipiga magoti akaanza kuokota vipande vya samaki, kimoja kimoja, akivirudisha chunguni pamoja na mchanga.

"Ni mimi!" Dorothée alipiga kelele. "Kuni ziliisha. Maji hayakutokota. Nilikwenda kuokota ndagala. Mama hakujua!"

Émilienne alibaki pale pale, magoti chini, kipande cha samaki mkononi. Hakumtazama binti yake. Hilo liliuma kuliko kofi.

Mama Bahati alimsogelea Dorothée.

"Mama yako hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Lini?"

"Kabla kapita hajafika. Alisema tutang'oa yote."

"Na we ulisema nini?"

"Nilisema zilitokota."

Mwanamke mmoja alifunika uso. Ndani ya nyumba Norbert alikohoa, akakohoa tena.

"Nilifikiri mama yako alituuza," Mama Bahati alisema. Sauti yake haikuwa ya upole. "Muuzaji ni muntu anayekwenda kwa adui na jina lako mudomoni. We hukuenda. We ulifanya uvivu, ukatuangusha. Muntu akimwangusha mwenzake, anaweza kumuinua. Siku ile ulikuwa na nafasi ya kutuinua, kwa neno moja tu. Ulikataa. Halafu ukasimama nyuma ya mama yako, tukimutukana kila siku, na we uko kimya. Huko siyo kuangusha, mutoto. Huko ni kumutupa. Muzazi wako, aliyekutetea mbele ya watu!"

Dorothée alilia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama Bahati aligeuka, akapiga magoti karibu na Émilienne, akaanza naye kuokota.

"Na sisi, Mama Dorothée, tulikutupa," alisema. "Tumekula pamoja miaka mingi, na hakuna hata mumoja aliyekuuliza vizuri. Unisamehe."

"Acha, imeingia mchanga," Émilienne alisema kwa shida. "Nitapika ingine."

"Moto uko nao?"

"Sina."

"Tutapikia hapa."

Walipomaliza, Émilienne alisimama akajipangusa magoti. Ndipo alipomtazama binti yake.

"Sitakupiga. Nilikuahidi. Lakini kazi nusu ni uongo wa mikono, na uongo wa mikono huzaa uongo wa mudomo. Leo umesema kweli, ni vizuri, ila umechelewa, na kuchelewa kwako kuko pale ndani kunakohoa. Ingia umwambie Baba Bahati mwenyewe. Mi sitakusemea."

Dorothée aliingia. Norbert alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Pamba yangu hii mpya," alisema mwishowe, "nani atapalilia?"

"Mimi, baba. Pamoja na mihogo."

"Mpaka mwisho wa shamba?"

"Mpaka mwisho."

"Jembe liko nyuma ya nyumba," alisema Norbert.