Gracieuse na Matete ya Ukingoni

Kila Jumamosi, akishateka maji, Gracieuse alichukua mundu kwenda kukata matete. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu familia yao ilipokimbia vita kijijini kwao huko Djugu, alikaa Bigo, mjini Bunia, kwa mama yake mdogo, Bibiane. Bibiane ndiye aliyepanda matete mwisho wa bustani, ukingoni mwa korongo, ili mvua isibebe udongo, na mbuzi wapate chakula.

Lakini Gracieuse alikata mashina machache ya mbele tu. Kule kijijini, watu wenye mapanga walitokea ndani ya matete marefu kama haya. Upepo ukiyatikisa, aliacha kukata na kurudi nyumbani.

"Gracieuse, ulikata kweli?" Bibiane aliuliza.

"Nilikata, mama mudogo. Ni mvua inayaotesha mbio."

Bibiane, aliyeshinda sokoni akiuza samaki kutoka Kasenyi, ziwani, alimwamini.

Alasiri moja, mama mdogo akiwa bado sokoni, mtoto wake David, wa miaka minne, alitoweka. Gracieuse alimtafuta chini ya kitanda, akamtafuta kwenye banda la mbuzi. Mara akasikia mchakacho. Kitu kilitembea ndani ya matete.

Alitaka kukimbilia barabarani. Badala yake aliita. "David?"

Kilio chembamba kilimjibu kutoka upande wa korongo.

Gracieuse aliingia. Majani yalimkwaruza mashavu. Hakuona hatua moja mbele. Kila shina lililomgusa mgongoni alidhani ni mkono wa mtu. Aliomba Mungu, akaendelea. Ghafla ardhi ikaisha. David alining'inia ukingoni, ameng'ang'ania shina la matete kwa mikono miwili. Gracieuse alilala kifudifudi, akamkamata shati, akamvuta.

Bibiane aliporudi aliwakuta wote wawili wamejaa matope.

"Mama mudogo, nilikudanganya," Gracieuse alilia. "Sikuyakata matete, na David alikaribia kuanguka korongoni. Ninayaogopa."

Bibiane alimkumbatia David, akamvuta na Gracieuse karibu.

"Hata miye ninayaogopa, tangu Djugu," alisema.

Kesho yake waliyakata bega kwa bega, wakiacha visiki vifupi vichipue tena. Korongo likaonekana wazi, nao wakaliwekea uzio wa miti. Bibiane alifuta jasho, akamtazama Gracieuse.

"Woga si kosa, mwanangu. Lakini uongo wako uliyaacha matete yafiche korongo, na David nusura afe. Siku nyingine ukiogopa, uniambie. Tutaingia wawili."