Mama Mkwe Alikataa Mkono Wangu Ziwani

Kapteni aliruka!

Si majini. Aliruka kwenye boti ya rafiki yake iliyokuwa inapita, akatuacha watu watatu ndani ya ziwa, injini imekufa.

"Nakuja na kamba, mzee! Msitikisike!"

"We Mathews! Rudi hapa!"

Akapunga mkono. Hakurudi...

Jamani, naitwa Opondo. Natengeneza baiskeli pale Kondele, hapa Kisumu. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo mkiona maandishi yamepinda mnivumilie. Lakini hii siku naikumbuka yote.

Mke wangu Perez alifariki mwaka jana. Alipozidiwa, ambulensi ilikuwa imeegeshwa pale pale, ati haina mafuta. Magari ya wakubwa hayajawahi kukosa mafuta hata siku moja. Sijawasamehe.

Aliniachia Sheryl, msichana wa miaka sita. Huyo ndiye pumzi yangu.

Sasa mama yake Perez, Mama Achola, akatoka Ahero kuja kumwona mjukuu. Akasema tangu azaliwe hajatembezwa Kisumu kama mgeni. Nikasema sawa. Tukaona bandari ya zamani, ile reli ya mkoloni inavyokuja kuishia majini. Sheryl akataka kuona viboko. Ndio tukapanda boti.

Jaketi ya kuelea ilikuwa moja. Moja! Nikamvalisha mtoto.

"Zingine ziko wapi?" nikamuuliza Mathews.

"Zilipeanwa siku ile wakubwa walikuja na makamera, mzee. Makamera yakaenda, jaketi pia zikaenda."

Umesikia hiyo?

Kwa wale hamjui, kwetu Wajaluo mama mkwe hachezewi. Humgusi. Huketi karibu naye. Hata kulala nyumbani kwako hawezi. Ukivunja hiyo, chira inakufuata, unakonda mpaka unaisha. Kwa hivyo mimi nilikaa nyuma kabisa ya boti, nimempa mgongo, kwa heshima.

Basi Mathews alipotukimbia, upepo ukageuka.

Magugu maji yakaanza kuja... polepole... kama shamba linalotembea. Yakafunga mbele. Yakafunga nyuma. Nikaingiza kasia, likakwama.

Halafu tukasikia...

PFUUUH!

"Baba, hiyo ni nini?"

"Nyamaza, mama. Ni upepo."

Haikuwa upepo. Niliona masikio mawili na macho, yakazama tena. Kiboko!

Sheryl akaanza kulia kwa nguvu, akamshika nyanya yake, Dani kama anavyomwita.

"Dani, sitaki tena! Twende Ahero sasa! Si ulisema leo ni ya kumuaga Baba, kesho tunahama?"

Kumuaga nani? Mimi?

Nikageuka. Mara yangu ya kwanza kumwangalia mama mkwe machoni.

"Mama... ni kweli?"

"Baba Sheryl, geuka huko. Tutaongea nchi kavu."

"Unanichukulia mtoto?!"

"Msichana anataka mwanamke karibu! Wewe utamfunza nini, kuziba pancha?"

"Nimebaki na nani mimi? Mke alienda! Na huyu pia aende?"

"Usinipigie kelele, Opondo!"

Akasimama anijibu vizuri, kidole juu. Hapo hapo kitu kikagonga boti kutoka chini.

Chubwi!

Mama Achola akawa majini.

Jamani, msiombe kuona hiyo. Kitambaa cha kichwa kilielea, halafu uso ukatokea katikati ya majani, mdomo wazi, anashika magugu na magugu yanakatika.

Nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono.

"Mama! Shika!"

"Usiniguse!"

"Unazama!"

"Wacha nizame na heshima yangu! Unataka kuniletea chira uzeeni?"

Naapa, ndivyo alisema. Maji yako kidevuni na bado ananikemea.

Nisiwafiche. Kuna sauti ilinong'ona ndani yangu... amekataa mwenyewe. Muache. Mtoto atabaki wako na hakuna mtu atakulaumu.

PFUUUH! Karibu zaidi.

"Mama, nirushie leso ya kiunoni! Leso si mwili!"

Akafikiria. Mtu anazama na bado anafikiria!

"Leso... leso sawa."

Akanirushia ncha moja. Nikavuta. Akasogea. Nikavuta tena...

Ikararuka!

Kichwa kikaingia chini. Magugu yakajifunga juu yake kama hakukuwa na mtu pale.

"Baba, mtoe Dani! Baba!"

Hapo sikukumbuka mila, sikukumbuka Ahero, sikukumbuka hata jina langu. Nikazamisha mikono yote mpaka mabegani, nikapapasa, nikamkumbatia kifua kwa kifua, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Tukaanguka ndani ya boti, yeye juu yangu.

Mama mkwe juu ya mkwe! Mwambie mtu wa kwetu hiyo uone atakavyoshika kichwa.

Akakohoa maji. Akajiondoa. Akaenda mbele ya boti, akakaa, akanipa mgongo.

Hakuna asante, hakuna tusi.

Mnajua nini? Kiboko nilimsahau. Nilikuwa namwogopa yule mama.

Mvuvi mmoja, Oyugi, ndiye alitusikia akaja na mtumbwi na mti mrefu, akatusukuma mpaka ufuoni. Na hapo ufuoni tunamkuta nani? Mathews! Anaita wageni wengine, mandazi mkononi!

"Mzee! Nilikuwa nakuja!"

"Kuja nikuonyeshe kuja!"

Lakini watu walikuwa washaona kila kitu kutoka mbali. Mwanamke mmoja muuza samaki akapiga makofi.

"Wuoi! Ameshika mama mkwe! Amemkumbatia, mimi nimeona!"

Mama Achola akashuka, maji yanachuruzika. Akamshika Sheryl mkono. Nikajua basi. Anaenda naye sasa hivi, na ukoo wote utasema niliyataka mwenyewe.

Akanigeukia.

"Baba Sheryl, nyumba yangu haiko. Maji ilibeba. Tangu ile mvua nalala kanisani."

Kila kura wakubwa wanawaahidi watu wa Ahero kuta za kuzuia mto. Kila mvua watu wanalala kanisani.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme uniweke wapi? Kwako siwezi kulala, unajua. Nikaona nimchukue Sheryl, twende kwa dada yangu, angalau niwe na damu ya Perez karibu."

"Na sasa?"

Akawaangalia wale watu. Akaniangalia mimi.

"Sasa umeshanikumbatia mbele ya ufuo mzima. Chira kama ni ya kuja, inakuja tu. Nikilala kwako itaniua mara mbili? Twende nyumbani. Nasikia baridi."

Wiki ya tatu hii. Yeye na Sheryl wamechukua kitanda, mimi nalala sebuleni. Kila nikikohoa nafikiri ni chira. Kila asubuhi najipima mkanda, uko tundu lile lile.

Funzo langu ni hili. Usipande boti ukihesabu kwamba wakubwa wamekuwekea jaketi. Na mtu akizama mbele yako, awe nani, mshike. Mila mtaiongelea mkishakauka.