Siku Ambayo Mama Hakuwepo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nasalimia watu wengi kuliko mwalimu mkuu. "Shikamooni," nilisema nikiingia sebuleni kwetu, na watu wa kampeni waliitikia bila kuinua macho kwenye simu zao. Viti vya plastiki vilijaa hadi jikoni. Nilikunywa chai nimesimama, begi mgongoni, maana kiti changu kilikuwa kimekaliwa na mbandika mabango. Mama alikuwa katikati yao, simu sikioni, akinipungia mkono kama alivyowapungia wapiga kura.

Mama alikuwa diwani, na alikuwa anagombea tena. Baba alifariki kabla sijaanza shule, kwa hiyo familia yetu ilikuwa sisi wawili tu. Watu wote walimwita Mheshimiwa. Siku moja nami nilimwita Mheshimiwa kwa utani. Aliitika, akaendelea na simu yake. Utani ule uliniuma mwenyewe.

Mwanzoni kampeni yake ilihusu maji na taa za barabarani. Ukutani kulikuwa na ramani ya mitaa, na Mama aliweka alama kila mahali penye bomba bovu. Kisha gazeti likaandika habari za mtaro. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kuuchimba alikuwa amechimba nusu, akachukua malipo yote, akatokomea. Mvua iliponyesha, maji yakaingia madukani. Gazeti lilisema Mama alikuwepo kwenye kikao kilichompitisha mkandarasi huyo, na kwamba aliinua mkono kumuunga mkono. Waandishi walipomzunguka, Mama alishikwa na hasira na hofu kwa pamoja, akasema, "Siku hiyo sikuwa kwenye kikao." Haikuwa kweli. Mpinzani wake akakimbilia mahakamani, akidai Mama amekula rushwa na jina lake liondolewe kwenye karatasi za kura.

Hapo ndipo alipoletwa Mkakati. Jina lake halisi silijui mpaka leo. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuweza hata kuomba chumvi bila kutaja neno hilo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubandua ramani na kubandika kalenda ya mahakama.

"Mheshimiwa, kesi ndiyo kampeni yenyewe," alisema. "Mkakati ni huu: kila siku ya kesi, mkutano wa hadhara nje ya mahakama. Utatoka umevaa nyeupe, mnyonge unayeonewa. Maji na taa tutazungumza tukishashinda."

Na kweli, maji na taa vikasahaulika. Mpinzani naye hakuwa na la kusema zaidi ya mtaro. Mabango yake yote yalikuwa na picha ya shimo.

Shuleni, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alihamia nyuma. Duka la baba yake lilikuwa limeingia maji. Hakunitukana, alibeba tu madaftari yake, akaondoka. Wakati wa mapumziko nilisimama karibu na bomba nikijifanya nina kiu, na tumbo langu lilijaa maji wiki ile kuliko tangi la shule. Jioni nilirudi kwenye nyumba iliyojaa watu, nikajiona mpweke zaidi.

Siku moja Mama alisema, kwa kupitiwa tu, kwamba siku ya kile kikao mimi nilikuwa na homa. Mkakati akaruka kutoka kitini.

"Basi ulikuwa nyumbani unamuuguza mwanao! Nani atamnyima kura mama wa namna hiyo? Binti atasema mwenyewe redioni."

Wakili wa Mama alikataa. Alisema hawezi kupeleka maneno hayo mahakamani, ambako watu wanaapa.

"Redioni hakuna kiapo," Mkakati akamjibu.

Nilimtazama Mama. Yeye alikuwa anatazama simu.

Siku ile ya kikao Mama aliondoka kabla sijatoka kitandani. Jirani yetu, fundi cherehani, alinisikia nikitapika nyuma ya nyumba. Aliacha nguo za wateja mezani, akaja kukaa nami mpaka jua lilipozama. Mama alijua kwamba jirani alipita kuniona. Mengine hakuuliza.

Jumamosi tukafanya mazoezi. Vijana wa kampeni walitolewa nje. Mkakati alinishikia mwiko mbele ya mdomo, eti ndio kipaza sauti, na Mama akazima simu, akaketi kunisikiliza. Nitasema kweli, nilifurahi. Zilikuwa zimepita wiki nyingi bila Mama kunisikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

"Haya, mrembo," Mkakati akasema kwa sauti ya mtangazaji. "Siku hiyo nani alikuwa nawe?"

"Mama."

"Kavu mno! Tia vitu vidogo vidogo. Wapiga kura hawalizwi na hoja, wanalizwa na kitambaa cha maji. Alikufanyia nini?"

Nikafumba macho. Haikuwa kazi ngumu, maana nilikumbuka kila kitu.

"Mama alichovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akaniwekea kwenye paji la uso. Kilipopata joto alikichovya tena. Nilipotapika hakukunja uso. Aliniambia nishike kidole chake, nikizidiwa nikibane. Halafu akawa ananiimbia, lakini kwa midomo iliyofumbwa, kwa sababu ya pini..."

"Pini gani tena?" Mkakati akadakia. "Toa pini. Zilizobaki ni dhahabu tupu!"

Lakini Mama alikuwa amesimama. Mama hajui hata kushona kifungo.

"Huyo ni fundi," alisema polepole. "Anayeimba na pini mdomoni ni fundi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kumbe ulitapika?"

"Mara nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulirudi nimelala. Asubuhi nilipoamka ulikuwa umeshatoka." Kisha nikashindwa kujizuia. "Mimi nilitaka iwe wewe, Mama. Ndiyo maana nimesema vizuri."

Mama akaketi chini, sakafuni, na gauni lake jeupe la kesi. Alilia bila kujificha. Mkakati alitutazama, akakuna kidevu.

"Mheshimiwa, machozi hayo hayo tukiyapeleka redioni..."

"Rudisha mwiko jikoni," Mama akamwambia.

Jumatatu alikwenda redioni peke yake. Mimi nilisikiliza nikiwa kwa fundi. "Nilikuwepo kwenye kikao," sauti ya Mama ilisema. "Sikupokea chochote kwa mkandarasi, lakini niliinua mkono bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu nilikuwa nawahi kikao kingine. Kisha nikadanganya kwamba sikuwepo. Binti yangu siku hiyo alikuwa mgonjwa, na aliyemuuguza ni jirani." Fundi alisimamisha cherehani, akafuta macho, akanung'unika kwamba vitambaa vya siku hizi vina vumbi sana.

Mkakati alihamia kwa mpinzani, na kalenda yake akaenda nayo. Siku chache baadaye gari lilipita mitaani likirudia sauti ya Mama: "Nikadanganya, nikadanganya." Mahakama haikuona ushahidi wa rushwa, ikaliacha jina lake kwenye karatasi za kura na kuwaachia wananchi waamue. Wananchi wakaamua. Mama alishindwa.

Shuleni rafiki yangu hakurudi kwenye dawati letu. Ila siku ile ya matokeo, rula yangu ilipovunjika, alininyooshea yake bila mimi kuomba.

Niliporudi nyumbani, viti vya plastiki vilikuwa vimechukuliwa na wenyewe. Simu ya Mama ilikuwa kimya mezani. Sebule ilionekana kubwa mno kwa watu wawili, na hatukujua tukae wapi. Mwishowe tukakaa kwenye mkeka, tukiwa tumeegemea ukuta.

"Unasikitika, Mama?" nikamuuliza.

"Sana. Nilikuwa napenda ile kazi." Akanigeukia. "Lakini sikiliza, mwanangu. Nilidhani uongo ni maneno tu, yanapita. Sivyo. Ukidanganya, kuna mtu unamfuta. Mimi nilimfuta mwanamke aliyeacha kazi yake akakushika mkono. Nikakufuta na wewe, ukaanza kuamini kwamba ili nikusikilize ni lazima useme yasiyokuwepo. Kura zitapigwa tena. Kama nitagombea, nitagombea na ramani yangu na makosa yangu hadharani. Ukweli unaweza kukunyima kiti, lakini haukunyimi watu wako."

Aliniinamia kichwani, akaninusa nywele kama nilipokuwa mdogo.

"Sasa nieleze siku ile ilivyokuwa," akasema. "Usiruke kitu wala usinionee huruma."

Nikaanza na asubuhi, niliposikia mlango ukifungwa, nikaita, na hakuna aliyeitika.