Simu Ndani ya Duara

Tulikuwa tunageuza kahawa kwenye vichanja nyumbani Vwawa, mimi na mama, jua la asubuhi likiwa bado la upole. Simu yake ikalia. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatazama kioo, akacheka.

"Lusajo huyu! Leo kanikumbuka. Labda kaishiwa unga."

Akapokea. "Abee, baba."

Hakuna aliyejibu. Nilikuwa karibu, nilisikia maji yakidondoka mahali penye mwangwi. Mama akafungua mdomo aseme tena. Midomo ilicheza. Sauti haikutoka.

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vimelowa.

Kaka yangu Lusajo watu wanamsema vibaya, na wengi hawakumjua. Huko Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, wachimbaji wenzake walimwita Mchungaji, kwa kuwa hakuacha mtu chini. Duara, yaani shimo la kuchimbia, lilipomfukia mwenzao Tumpale, wengine walikimbia. Lusajo alishuka, akamfukua kwa mikono. Lakini alichoka kuchimba maduara ya watu. Alitaka lake. Shadrack, mfanyabiashara wa Tunduma, akampa mashine na mafuta. Mwamba ulipogoma, akamvusha mpaka wa Zambia hadi Nakonde, kwa mganga.

Haya aliniambia Lusajo mwenyewe, alipokuja kumwona mama.

"Mganga alisema dhahabu inataka sauti ya anayekupenda," alinong'ona. "Nimpigie, niweke spika, niishushe simu duarani kwa kamba. Akiitika, basi."

"Ukamchagua mama?"

"Sauti tu, Dina. Shadrack alisema nikishamjengea nyumba, hata hataikumbuka."

"Dhahabu ilitoka?"

"Ilitoka." Akainamisha kichwa. "Lakini tunamsikia. Kila nyundo ikigonga mwamba, anaitika. Abee, baba. Abee, baba."

Hospitali hawakuona ugonjwa. Mama alizidi kukonda, na sasa pumzi nayo ilikuwa inamwacha. Kutwa alikuwa akishtuka kitandani, kifua kikiruka kana kwamba kimepigwa. Nikaelewa. Kule walikuwa kazini.

"Simamisha kazi, kaka. Nakuomba."

"Nimemwambia Shadrack. Anasema mashine ni yake, na vijana ni wake." Akasimama, akamfunika mama miguu. "Nitamfuata mama kule chini. Sijawahi kuacha mtu chini."

Nilitaka kumzuia. Nilitazama kifua cha mama, nikamwacha aende.

Tumpale ndiye aliyeshika kamba ya kumshushia Lusajo. Ilikuwa mchana kweupe, na alinipigia ili nisikie.

"Anashuka, dada." Nilisikia kamba ikisuguana na mwamba. "Bado anashuka." Nikampa mama kisogo nisikie vizuri. "Anaongea na mtu huko chini."

"Anasema nini?"

"Anasema, mama, shika hapa."

Kisha Tumpale akaanza kuhema.

"Dada. Kamba imekuwa nyepesi."

Akaivuta. Fundo la kiunoni lilitoka likiwa limefungwa vilevile, limekaza. Ndani ya kitanzi hapakuwa na mtu. Walishuka kumtafuta. Duara halikuporomoka. Halina njia nyingine. Hakuwemo.

Nyuma yangu, kitandani, mtu akasema, "Nina kiu."

Ilikuwa sauti ya mama. Nilipiga magoti nikalia, nikashukuru, nikajichukia kwa kushukuru.

Tangu hapo anaongea. Anakula. Hamuulizii Lusajo, kana kwamba hakuwahi kumzaa. Ila anakohoa, na kitambaa chake hutoka na vumbi la kijivu. Mama hajawahi kukanyaga Saza.

Juzi nilikuwa uani nikifua vitambaa hivyo. Maji yalipotulia, mchanga ulikaa chini ya beseni. Nilizungusha taratibu, kama wafanyavyo wachimbaji. Kijivu kikasogea. Cha njano kikabaki, dhahabu.

"Hodi. Poleni na msiba."

Alikuwa Shadrack, ameshika kofia mkononi. Hakunitazama. Alitazama beseni.

"Dada," akasema polepole, "hayo maji usimwage."

Ndani, mama akakohoa. Shadrack akavuta kigoda, akakaa.